Simu ya Kori Nane: Keneli Inazuia Aje Zisigongane?

Ukiingia duka la simu, utaskia tu: "Hii ni kori nane buda, haihang." Sawa. Lakini kabla utoe doo, jua hizo kori hazijipangi zenyewe. Kuna mkubwa wao anaitwa keneli.

Keneli ni nini?
Ni ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa simu ama kompyuta. Programu ikitaka memori, faili ama intaneti, lazima ipitie hapo. Simu za Android zinatumia keneli ya Linux, ile Linus Torvalds alianzisha Finland mwaka wa 1991.

Shida iko wapi?
Cheki hii. Chama chenu kiko na 500. Wasee wawili wanafungua kitabu kwa wakati mmoja, kila mtu anaona 500, anaongeza 100 yake, anaandika 600. Inafaa iwe 700. Mia imepotea na hakuna mtu ameiba. Kori mbili zikigusa kitu kimoja kwa keneli bila mpango, hivyo ndivyo data inaharibika.

Kufuli moja kubwa
Linux 2.0 ilitoka Juni 1996 ikiwa toleo rasmi la kwanza la kutumia prosesa zaidi ya moja. Enzi hizo zilikuwa prosesa kadhaa kwa bodi moja, si kori ndani ya chipu. Dawa ilikuwa rahisi: kufuli moja ya keneli nzima. Programu ziliendelea na kazi zao, lakini prosesa moja tu ndiyo ingeingia kwa keneli.

Fikiria ploti ya nyumba nane yenye bafu, choo na bomba, zote zinafunguliwa na ufunguo mmoja. Wewe ukiwa unaoga, jirani hawezi hata kuchota maji. Salama, ndio. Lakini foleni ni noma.

Kufuli ndogo ndogo
Suluhisho ni kila mlango upate ufunguo wake. Kazi ya kuigawa iliendelea toleo baada ya toleo, na ile kufuli kubwa iliondolewa kabisa 2011, kwa Linux 2.6.39. Karibu miaka 15!

Mbona ikachukua muda hivyo? Kufuli zikiwa nyingi, hatari mpya inaingia. Wewe umeshika ufunguo wa bafu unangoja ndoo. Jirani ameshika ndoo anangoja bafu. Hakuna anayeachilia, nyote mnakwama milele. Ndiyo maana keneli hupanga kufuli gani ishikwe kwanza.

Wewe inakuhusu aje?
Kori nane si spidi mara nane. Kama nusu ya kazi lazima ifanywe kwa foleni, hata kori nane hazifikishi spidi mara mbili. Piga hesabu: kazi ya sekunde 16, nane za foleni zinabaki nane, zile zingine zinagawanywa hadi moja. Jumla ni sekunde 9.

Tena, kwa simu nyingi kori hazitoshani: kuna kubwa za kazi nzito kama gemu, na ndogo za kuokoa chaji. Keneli ndiyo huamua nani apewe nini.

Kwa hivyo ukiambiwa "kori nane", uliza: kubwa ni ngapi? Hilo swali moja linaweza kukuokolea ganji.