Sio Ngozi Yako, Ni Kamera

Wasee, kuna maneno nimechoka kuyasikia: "Mimi sitokangi poa kwa picha, ni vile niko mweusi sana." Hapana. Tuangalie historia kidogo ndio ujue hiyo lawama ni ya nani.

Miaka ya 1950, Kodak ndiyo ilikuwa inatawala filamu za rangi Marekani. Ili maabara zote zisafishe picha kwa rangi sawa, zilitumiwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Mmoja wa wale wa kwanza alikuwa mfanyakazi wa Kodak anayeitwa Shirley, na hata walipobadilisha wanawake, kadi ziliendelea kuitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, basi mashine iko sawa. Kwa hivyo mweusi akipigwa picha pamoja na mzungu, mzungu anaonekana hadi nyusi, mweusi anabaki macho na meno.

Na unajua waliosikizwa walipolalamika ni nani? Kampuni za chokoleti na za fanicha! Matangazo yao hayakuonyesha tofauti ya chokoleti nyeusi na ya maziwa, wala ya mbao moja na nyingine. Chokoleti ilipata haki kabla yetu. Kadi ya Kodak yenye mwanamke mweusi, mzungu na Muasia pamoja ilikuja miaka ya 1990.

Usiniambie hawakujua kuongeza mwanga. Afrika Kusini, serikali ya ubaguzi ilitumia kamera ya Polaroid ID-2 kupiga picha za zile pasi ambazo watu weusi walilazimishwa kubeba. Ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi. Yaani uso wako ukitakikana na polisi, mwanga unapatikana. Mwaka wa 1970 wafanyakazi wawili weusi wa Polaroid kule Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, walianza kupinga hiyo biashara. Hunter alifutwa kazi, lakini 1977 kampuni ikatoka Afrika Kusini.

Sasa twende Bamako, Mali. Kuanzia 1948 Seydou Keïta alikuwa anapiga watu picha uani kwake, filamu ya nyeusi na nyeupe, kitambaa nyuma, mara nyingi kwa mwanga wa jua. Filamu ilikuwa ghali, so kwa kawaida mteja alipigwa mara moja. Angalia hizo picha leo: ngozi nyeusi imetulia, shavu linang'aa, kila kitu kinaonekana. Huyo hakungoja kampuni imrekebishie kitu. Alijua mwanga.

Na hapo ndipo somo liko. Kamera ya simu yako haijui rangi halisi ya ngozi yako. Kimsingi, isipotambua uso, inapima mwanga wa picha nzima na kujaribu kuufikisha katikati, kama rangi ya kijivu. Simama mbele ya ukuta mweupe ama dirisha, inaweza kuona mwanga ni mwingi, ipunguze, na wewe ugeuke kivuli. Uso mweusi ukijaza picha yote, inaweza kufanya kinyume: inaongeza mpaka unatoka umepauka kama umepakwa majivu.

Kwa hivyo amua wewe. Gusa uso kwenye skrini ili ipime hapo, halafu panda ama shuka na kale ka-jua ka kando. Geukia dirisha, usilipe mgongo. Jua la saa saba mchana linachimba vivuli chini ya macho, tafuta kivuli ama ngoja jioni. Mwanga utoke upande mmoja, juu ngozi yetu inajionyesha pale inapong'aa.

Ni kweli kampuni zimeanza kujirekebisha, kama Google na Real Tone kwa Pixel 6 mwaka wa 2021. Poa. Lakini kwa maoni yangu, mpiga picha anayekulipisha halafu anakung'arisha hadi mamako hakutambui, bado anatumia kadi ya Shirley. Mwambie arudie.