Jina la Paka

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Aghalabu methali hii hutajwa kwa ajili ya wanadamu, lakini historia ya paka nayo yaithibitisha. Paka wa jaani hana jina. Huitwa paka, basi. Siku apokewapo nyumbani na kupewa jina, ndipo awapo fulani miongoni mwa wengi, na aliyempa jina hilo huwa amejifunga kwake kwa deni asilolijua ukubwa wake.

Majina ya namna hiyo yamepatikana kwa njia mbalimbali. Njia ya kwanza ni sauti ya mnyama mwenyewe. Wamisri wa kale walimwita paka kwa neno lililoiga mlio wake, kama Waswahili wasemavyo nyau. Katika karne ya 14 kabla ya Kristo, Thutmose, mwana mkubwa wa Farao Amenhotep III, alikuwa na paka aitwaye Ta-miu, maana yake paka jike. Jina hilo halikuwa na urembo wowote. Hata hivyo paka yule alipokufa alichongewa jeneza la mawe ya chokaa, na juu yake akachorwa mbele ya meza ya sadaka, kama walivyofanyiwa watu wenye cheo.

Njia ya pili ni rangi. Katika karne ya 9 mtawa mmoja wa Ayalandi alitunga shairi juu ya paka wake, Pangur Bán, na neno hilo la pili maana yake ni mweupe. Humo alilinganisha uwindaji wa paka na kazi yake mwenyewe ya kuwinda maana katika vitabu. Jina la mtawa limepotea. La paka limebaki.

Yako pia majina yaliyotoka kwa paka yakaenda kwa mtu. Sahaba wa Mtume Muhammad aliyesimulia hadithi nyingi kupita masahaba wote ajulikana kwa lakabu ya Abu Hurayra, yaani baba wa kipaka, kwa sababu ya paka mdogo aliyekuwa naye. Lakabu hiyo imelifunika jina lake la kuzaliwa, hata wanazuoni wamehitilafiana juu yake.

Kinyume cha hayo ni habari ya paka aliyeitwa kwa kazi ya mtu, nayo ndiyo yenye mafunzo makubwa zaidi. Mwaka 1914 Ernest Shackleton alisafiri kwa merikebu Endurance, akikusudia kulivuka bara la Antaktika. Seremala wa merikebu, Mskoti aitwaye Harry McNish, alipanda na paka mwenye mistari. Paka yule alimwandama seremala kila aendako mfano wa mke mwenye wivu, basi mabaharia wakamwita Mrs Chippy. Kwani Chippy ni neno la mzaha ambalo Waingereza humwitia seremala. Baada ya kama mwezi mmoja baharini ikagunduliwa kwamba Bibi Seremala ni dume. Jina halikubadilishwa. Lilikuwa limekosea juu ya maumbile yake, lakini juu ya mapenzi yake lilikuwa limesema kweli.

Januari 1915 merikebu ikanaswa na barafu katika Bahari ya Weddell, na tarehe 27 Oktoba watu wakaihama, maana ilikuwa ikipondwa. Shackleton akaona kwamba wanyama dhaifu hawataiweza safari iliyokuwa mbele, akaamuru watoto wa mbwa na paka wapigwe risasi. Tarehe 29 amri ikatimizwa. Mtu asiseme kwamba hukumu ile haikuwa na hoja: watu 28 walikuwa juu ya barafu, na wote 28 walirudi hai. Lakini seremala naye alikuwa na hoja yake, na habari zasimulia kwamba hadi uzeeni hakusamehe.

Mikono yake ndiyo iliyoziinua mbavu za mashua James Caird na kuifunika juu, nayo mwaka 1916 ikawavusha watu 6, yeye akiwamo, mpaka kisiwa cha South Georgia kutafuta msaada. Pamoja na hayo, McNish aliyewahi kukaidi amri barafuni hakupendekezwa na Shackleton kupewa nishani waliyopewa wenzake wengi. Alifariki Wellington, Nyuzilandi, mwaka 1930. Na mwaka 2004 sanamu ya shaba ya paka wake ikawekwa juu ya kaburi lake.

Huenda mtu akauliza: jina lilimfaa nini paka yule, ikiwa halikumwokoa? Hata mbwa wa kukokota mizigo walikuwa na majina, nao baadaye waliuawa. Kweli, jina si ngao. Kazi yake ni kukataza kifo cha mnyama kisiandikwe kama upungufu wa gunia ghalani.

Kwa hiyo ampokeaye paka mgeni asiharakishe kuchagua jina kwa uzuri wa matamshi. Na amtazame kwanza siku chache: alia vipi, ana rangi gani, amfuata nani. Jina litokalo katika mambo hayo ndilo lidumulo, na alitoaye na ajue kwamba siku ya dhiki ataulizwa habari za mwenye jina.