Umri wa Mbu: Hisabati Ilivyoingia katika Vita vya Malaria

Ronald Ross anakumbukwa kwa mbu aliyempasua mjini Secunderabad, India, mwezi Agosti 1897, akakuta vimelea vya malaria kwenye ukuta wa tumbo lake. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Yeye mwenyewe, hata hivyo, aliona kazi yake kubwa zaidi ni ile iliyofuata: kutafuta kanuni za kihisabati zinazotawala kuenea kwa maradhi. Alikuwa na haki ya kujivunia kazi hiyo, lakini isingefika mbali bila watu waliokaa na hadubini Muheza, mkoani Tanga, wakikagua mbu mmoja mmoja. Katika historia ya malaria, hisabati na biolojia zilifaana pale kila moja ilipouliza swali ambalo nyingine tu ndiyo ingeweza kulijibu.

Swali la kwanza lilizaliwa na ubishi. Ross alipohimiza kupunguza mbu, wapinzani wake walimwambia kwamba anajisumbua: mbu hawawezi kumalizika, na wakibaki wachache tu ugonjwa utaendelea. Hadubini haikuwa na jibu la ubishi huo. Ross alikwenda kwenye hesabu, kwanza katika ripoti yake ya mwaka 1908 kuhusu Mauritius, kisha katika toleo la pili la kitabu chake kuhusu kuzuia malaria, mwaka 1911. Ili malaria ipite, mbu lazima amuume mgonjwa, aishi hadi vimelea vikomae mwilini mwake, kisha amuume mtu mwingine. Wengi hufa kabla ya kumaliza safari hiyo. Kwa hiyo kuna kiwango cha mbu kwa kila mtu ambacho wakipungua chini yake, wagonjwa wanaopona huwazidi wanaoambukizwa, na ugonjwa hufifia wenyewe ingawa mbu bado wapo. Mwaka 1917 aliendeleza nadharia yake akishirikiana na mwanahisabati Hilda Hudson.

Katika miaka ya 1950, George Macdonald wa London aliirudia hesabu hiyo na kuona jambo ambalo Ross hakulipa uzito wa kutosha. Tuchukue kwamba vimelea huhitaji siku 12 kukomaa ndani ya mbu. Ikiwa kila siku mbu 90 katika 100 huiona kesho, baada ya siku hizo hubaki kama 28. Wakiwa 80 katika 100, hubaki 7. Wakiwa 70, hubaki mmoja tu. Ukipunguza nusu ya mbu kwenye madimbwi, unapunguza nusu ya hatari. Ukifupisha maisha ya mbu mkubwa kidogo tu, hatari inaporomoka. Ndiyo maana dawa inayopulizwa ukutani, mahali mbu anapotua akishashiba damu, ilionekana kuwa na nguvu kuliko kumwaga mafuta juu ya maji ili kuua viluwiluwi.

Lakini mlinganyo haujui mbu wa Tanga huishi siku ngapi. Hapo biolojia ilishika zamu. Watafiti wa Kisovieti walikuwa wamegundua kwamba kila mbu jike anapotaga, mirija midogo ya ovari zake hutanuka na kubakiza kifundo kidogo. Anayezitoa ovari hizo kwa sindano na kuvihesabu vifundo chini ya hadubini hujua mbu ametaga mara ngapi, na kwa kuwa hutaga kila baada ya siku chache, umri wake hukadirika. M. T. Gillies na T. J. Wilkes walitumia njia hiyo Muheza, kaskazini mashariki mwa Tanzania, na kuchapisha matokeo mwaka 1965. Bila vifundo hivyo, hesabu za Macdonald zingebaki makisio.

Atakayepinga atasema hisabati hii ndiyo iliyoipa dunia kiburi. Shirika la Afya Duniani lilitangaza kampeni ya kutokomeza malaria mwaka 1955, na kampeni ikakwama. Katika Mradi wa Pare-Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, nyumba zilipuliziwa dawa ya dieldrin: malaria ilipungua sana na mbu aina ya funestus akatoweka, lakini maambukizi hayakukatika. Pingamizi hilo ni la kweli kwa sehemu. Ila lililokosewa ni kudhani kwamba kanuni iliyofaa kwingine ingeleta matokeo yale yale mahali ambapo mbu huishi muda mrefu na hupenda damu ya binadamu. Hesabu zenyewe zinaonyesha kwamba katika mazingira hayo maambukizi ni mengi mno kukatwa na silaha moja. Kosa lilikuwa kuitumia kanuni bila kuipa takwimu za mahali husika.

Mwingine atasema chandarua hakihitaji mlinganyo. Kukishona hakuhitaji. Lakini faida ya kukitia dawa hueleweka kwa hesabu ile ile: mbu anayetafuta damu kila baada ya siku mbili tatu hukutana nacho mara kadhaa kabla vimelea havijakomaa, na kila mara anaweza kufa. Ndiyo maana chandarua chenye dawa kikitumiwa na wengi humkinga hata jirani asiye nacho.

Masomo haya mawili yaliyofaana hivyo hutenganishwa darasani. Kwa miaka mingi shule zetu za Tanzania zimewagawa vijana katika njia panda: anayechukua PCM (fizikia, kemia na hisabati) huiaga biolojia, na anayechukua PCB (fizikia, kemia na biolojia) hubaki na hisabati ya nyongeza. Mgawanyo huo una nafuu yake, kwani mwanafunzi hawezi kubeba kila kitu. Lakini mafunzo ya Muheza hayadai kila mtu awe bingwa wa pande zote mbili. Yanadai mwanabiolojia aweze kuusoma mlinganyo na kuuliza namba zake zimetoka wapi, na mwanahisabati ajue namba moja hugharimu mbu wangapi waliopasuliwa. Hesabu ya siku 12 niliyoionyesha hapo juu inahitaji kuzidisha tu. Mahali pake ni darasa la biolojia la kidato cha tatu, katika nchi ambayo malaria bado inaua watoto.