Tanganyika (jina)

Tanganyika ni jina la ziwa kwanza. Mengine yote yaliyoitwa hivyo yalikuja baadaye. Ziwa hilo lina urefu wa kilomita 673 hivi na kina cha mita 1,470, na ndilo la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Maji yake yanagawanywa na Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia. Kutoka hapo jina likapewa koloni, jamhuri, vyama, kampuni, mkoa wa Kongo na hata viumbe vya majini.

Mji unaostahili kutajwa kwanza katika habari za jina hili ni Ujiji, bandari kongwe iliyoko kusini ya Kigoma, mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Kabla ya Mzungu yeyote kuliona ziwa, wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann walichora ramani kwa kusikiliza wasafiri wa pwani. Ramani hiyo, iliyosambaa Ulaya kuanzia 1855 na 1856, ilionyesha ziwa moja kubwa mno lililomeza maziwa yote ya bara. Ili kuuhakiki uvumi huo, wapelelezi Richard Burton na John Speke walifunga safari, wakafika Ujiji Februari 1858. Burton aliandika kwamba Wajiji na jirani zao wa ziwani wote walisema Tanganyika. Watu wa pwani hawakuwa na jina moja: wengine waliliita bahari, wengine ziwa, na wengine walisema mtoni tu.

Burton ndiye aliyetoa maelezo ya asili yanayorudiwa zaidi. Alilitoa jina katika kitenzi kutanganyika, yaani kukutana au kuungana, akaongeza kuwa Kiswahili cha Unguja kilisema kuchanganyika. Maelezo hayo yana uzito, kwani msemaji wa Kiswahili wa leo bado anayo maneno tangamana na mtangamano, yenye sauti na maana za karibu. Hata hivyo hayakuumaliza mjadala. Henry Morton Stanley, aliyemkuta David Livingstone Ujiji mwishoni mwa 1871, alirudi mjini hapo 1876 akauliza tena. Wenyeji hawakuwa na jibu la hakika, naye akakisia kuwa maana yake ni ziwa lililotandaa kama uwanda. Pia alikusanya majina mengine yaliyotumiwa na makabila ya kandokando: Kimana, Msaga na Iemba.

Hilo la mwisho halikupotea. Livingstone alipofika ncha ya kusini ya ziwa 1867, alilisikia kwa umbo la Liemba. Meli ya Kijerumani Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma, ikashushwa majini Februari 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 ili isitekwe. Iliibuliwa 1924, na iliporudi kazini Mei 1927 chini ya Waingereza ikapewa jina la Liemba. Kwa hiyo meli mashuhuri kuliko zote za Ziwa Tanganyika ilisafiri ikiwa na jina jingine la ziwa lilelile.

Wazo la maji yanayokutana liliwasumbua wapelelezi kwa namna nyingine. Burton na Speke hawakujua kwa yakini kama Mto Rusizi, huko kaskazini, unaingia ziwani au unatoka, na ugomvi wa chanzo cha Nile ukaning'inia hapo. Stanley na Livingstone walikwenda kwa mtumbwi kutoka Ujiji wakauona unaingia. Mto unaotoka, Lukuga, ulitambuliwa na Verney Lovett Cameron 1874 upande wa magharibi. Lakini sayansi ya baadaye ilileta jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: maji ya ziwa hili hayachanganyiki yote. Tabaka la juu hupigwa na upepo na kupata oksijeni. Chini yake, hadi sakafuni, maji hayana oksijeni na samaki hawaishi humo. Asili ya jina haikanushwi na jambo hilo, kwani aliyesimama ufukweni huona mito ikiingia, haoni vilindi.

Jina liliruka kutoka majini hadi nchi kavu mwaka 1920. Uingereza ilipokabidhiwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, maofisa wa London walipima majina kadhaa, yakiwemo Smutsland, New Maryland na Victoria, kisha wakataka jina la wenyeji. Kilimanjaro na Tabora yalifikiriwa, Tanganyika likashinda. Hapo ndipo ilipopata nafasi tafsiri inayopendwa sana vijiweni: tanga la nyika, au mji wa Tanga pamoja na nyika iliyo nyuma yake. Inavutia masikio, lakini haisimami. Wajiji walikuwa wakilitamka jina hili miaka 62 kabla ya koloni kuitwa hivyo, nao walikuwa mbali mno na Tanga. Anayetafuta asili ya Tanganyika hana budi kutazama magharibi.

Kama jina la nchi lilidumu muda mfupi. Chama cha TANU kilizaliwa 7 Julai 1954, uhuru ukapatikana 9 Desemba 1961, jamhuri mwaka mmoja baadaye, na 26 Aprili 1964 Tanganyika ikaungana na Zanzibar. Herufi zake tatu za kwanza zimo katika Tanzania. Katiba ya 1977 hutumia Tanzania Bara kwa eneo lililokuwa Jamhuri ya Tanganyika, lakini jina la zamani halikuzikwa: mwaka 1993 wabunge 55 walidai serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, na Mwalimu Nyerere akawapinga kwa nguvu.

Mawakili wa Bara bado wamo katika Chama cha Mawakili Tanganyika, na huko Kawe, Dar es Salaam, viwanja vya Tanganyika Packers vimedumu kuliko kiwanda cha nyama kilichoviachia jina. Ng'ambo ya ziwa, nchini Kongo, kuna mkoa wa Tanganyika, makao yake Kalemie, uliotengwa 2015 Katanga ilipogawanywa. Mkoa wa Katavi una wilaya ya Tanganyika, na Kigoma mjini mpira huchezwa Uwanja wa Lake Tanganyika.

Wanabiolojia nao walilichukua. Konyeza mdogo wa ziwa hili, Limnocnida tanganjicae, alijulikana Ulaya tangu 1883, na kwa kuwa konyeza kwa kawaida ni mnyama wa baharini, mwanabiolojia J. E. S. Moore alitoa kitabu 1903 akidai kwamba ziwa liliwahi kuungana na bahari. Dai hilo lilikataliwa baadaye. Anayefahamika zaidi sokoni ni dagaa wa Kigoma, anayevuliwa usiku kwa taa na kuanikwa Kibirizi na Katonga: kitaalamu huitwa Stolothrissa tanganicae.