Bob Beamon Hakubebwa na Upepo

Nikitaja tu Bob Beamon, lazima msee mmoja aseme, "Huyo si alibebwa na upepo wa Mexico?" Haya. Mexico City iko juu, kama mita 2,240, hewa ni nyepesi. Na Oktoba 18, 1968 (ndiyo ile Olimpiki ya Kipchoge Keino) upepo wake ulikuwa mita 2.0 kwa sekunde, mwisho wa kinachoruhusiwa. Lakini ile hewa nyepesi si ilikuwa ya wote? Wa pili, Klaus Beer, alifika 8.19. Beamon 8.90! Kifaa cha kupimia hakikufika alipotua, ikabidi watumie tepu.

Hiyo ya upepo mnaijua. Hii je? Miezi michache kabla, chuo chake cha Texas kilimtoa kwa timu. Yeye na wenzake weusi walikataa kushindana na Brigham Young, chuo cha kanisa ambalo wakati huo halikuwapa weusi ukuhani. Akabaki bila kocha. Aliyemshika mkono ni mpinzani wake, Ralph Boston, mmoja wa wawili walioshikilia rekodi ya dunia, 8.35. Kwenye mchujo Beamon alikosea mara mbili, ikabaki nafasi moja tu. Boston akamwambia aruke hata kabla ya kufika kwa ubao. Akapita.

Kesho yake, mruko wa kwanza, akaongeza sentimita 55 kwa rekodi ya huyo huyo Boston. Boston akaenda nyumbani na shaba.

Mike Powell alikuja kuivunja 1991, Tokyo, 8.95. Ile ya Olimpiki bado ni ya Beamon.