HISTORIA YA KOFIA YA PARACHICHI



Wenzangu wameshaandika habari za hisa, mikopo na mradi wa kuku. Mimi mwenyekiti nimepewa habari ya kofia ya mtoto, maana wageni wengi huuliza: hawa akina mama wa kuweka na kukopa, kofia inaingiaje hapo?

Kwanza, kufuma si kazi ya jana. Huko England mwaka 1571 ilitungwa sheria kwamba watu waliozidi miaka sita, isipokuwa wakubwa na wengineo waliosamehewa, wavae kofia ya sufu iliyofumwa kila Jumapili na sikukuu, ili wafumaji wasikose riziki. Sheria ikafutwa mwaka 1597. Mwaka 1589 William Lee alikuwa ameshabuni mashine ya kufuma soksi, lakini sindano za mkono hazijafa mpaka leo.

Hapa kwetu, Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulianzishwa mwaka 1962, mwenyekiti wake akiwa Bibi Titi Mohamed. Katika madarasa ya umoja ule akina mama walijifunza kusoma, kupika na kushona. Sisi kufuma tulifundishwa na mama zetu nyumbani. Baridi ya Njombe mwezi wa Juni na Julai si mchezo, kwa hiyo kofia kwetu ni nguo, si pambo.

Mwaka wetu wa kwanza, mwenzetu mmoja alijifungua kabla ya miezi kutimia. Muuguzi alimfundisha kumweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, na kofia kichwani. Njia hiyo ilianzishwa na daktari Edgar Rey mjini Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu mashine za kuwatunzia watoto joto hazikutosha. Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa ukilinganisha na mwili wake, basi joto jingi hupotelea hapo. Mtoto yule alipona, na leo yuko shule ya msingi.

Baadaye muuguzi yule naye akajifungua. Tukakaa kikao tumshukuru vipi. Wengine walisema tutoe fedha. Wengine wakakataa kabisa: sanduku ni la hisa, kila shilingi iliyomo ina mwenyewe. Wengine wakasema hata uzi ni fedha, heri kofia tukaziuze sokoni. Maneno yakawa makali, na wawili walitaka kutoka. Ndipo bibi mmoja akasema, "Fedha ataila wiki hii hii. Kofia atamwonyesha mwanawe akishakua." Tukapitisha hivi: sanduku lisiguswe, kila mmoja alete uzi uliobaki kwenye sweta zake, na wenye mikono myepesi wafume.

Uzi mwingi ulikuwa wa kijani. Basi tukafuma parachichi, zao linalotusomeshea watoto: kofia ya kijani, mbele duara la kahawia kama kokwa, na juu kikonyo kifupi. Muuguzi alicheka mpaka akatoa machozi.

Kwa anayetaka kujifunza: kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi huwa na mzunguko wa sentimita 35 hivi. Fuma pungufu kidogo, kwa sababu uzi huvutika, na ukingo uwe laini. Usiweke kifungo wala kamba ya kufunga kidevuni, mtoto asije akakabwa. Kokwa na kikonyo vishonwe imara visichomoke. Na jua likiwa kali, mama amvue mtoto kofia.

Tangu hapo wamepata kofia mwalimu aliyetufundisha hesabu za daftari, na wengine waliotusaidia bila kudai chochote. Watu walipoziona wakaanza kuagiza, na fedha za oda huingia kwenye mfuko. Ila kofia ya shukrani haiuzwi, na wala haitolewi kwa mtu ili atupendelee. Inatolewa baada ya wema, si kabla.

Faida nyingine ni hii: watu waliogombana juu ya mkopo, wakikaa kufuma kofia moja kwa zamu, inabidi waongee. Wale wawili waliotaka kutoka wapo mpaka leo, na mmoja ndiye mweka hazina wetu.

Mabinti zetu mnaojiunga sasa, njooni na sindano zenu. Uzi upo.



Mwenyekiti