Wasimamizi wa Mabweni na Hali ya Kazi katika Chuo Kikuu cha Makerere Miaka ya 1970: Mtazamo kutoka Mpaka wa Busia na Tororo

Lunyo iko kusini mwa mji wa Busia upande wa Uganda, katika nchi ya Wasamia, jamii ambayo mpaka wa Uganda na Kenya umeigawa pande mbili. Kabla ya mwaka 1902 mpaka huo haukupita hapo. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulienea hadi Bonde la Ufa, kisha Waingereza wakauhamishia himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Mwezi Februari 1976 Idi Amin aliyafufua mambo hayo ya kale na kutangaza kwamba sehemu kubwa ya Kenya magharibi ilikuwa mali ya Uganda kihistoria. Mwanafunzi Mkenya wa Makerere alikuwa amezoea kupita Busia, au Malaba karibu na Tororo, kama apitaye ua wa jirani. Baada ya tamko lile safari yake haikuwa ile tena. Wala kazi ya watu waliomtunza bwenini haikubaki ilivyokuwa, ingawa jambo hili la pili halizungumzwi sana.

Mijadala kuhusu mazingira ya kazi katika makazi ya wanafunzi huanzia kwenye mishahara, vifaa na idadi ya wafanyakazi. Makala haya yanaanzia kwingine, kwenye swali la nani anapaswa kujibu mwanafunzi asipoonekana, na nini humpata anayejibu kwa ukweli.

Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Ilipounganishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, iliimarisha utaratibu wa Kiingereza wa bweni lenye jina lake, ukumbi wake wa chakula na mlezi wake. Mlezi huyo, ambaye wanafunzi walizoea kumwita wadeni, alikuwa mwalimu wa chuo aliyechanganya kufundisha na kuishi karibu na wanafunzi. Chini yake walikuwa watunza vifaa, wapishi, wafagizi na mabawabu. Ngazi hizo zilikuwa ndefu. Wadeni alisikika vikaoni, mpishi hakusikika. Lakini wote waliunganishwa na jambo moja, nalo ni kumjua mwanafunzi: analala chumba gani, ameondoka lini, amerudi au hajarudi. Katika kipindi cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kuanzia 1963 hadi 1970, ujuzi huo ulivuka mipaka ya nchi tatu, maana wazazi wa Kenya na Tanganyika walimkabidhi wadeni wa Kampala watoto wao.

Mwaka 1972 uliharibu mengi kwa pamoja. Waasia walifukuzwa nchini, na biashara waliyoishika ikaanguka. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Frank Kalimuzo, makamu mkuu wa chuo, alikamatwa na hakuonekana tena. Sabuni, sukari na chumvi vilipotea madukani, na magendo yakashika mahali pa biashara. Kahawa ilivuka kwenda Kenya kwa njia za panya na kwa mitumbwi ya ziwani, hasa bei yake ilipopanda kufuatia baridi kali iliyounguza mashamba ya Brazil mwaka 1975, na bidhaa za dukani zikarudi kwa njia zilezile. Watu wa nchi ya Wasamia waliuona uchumi huo ukipita mbele ya nyumba zao. Mwisho wake ulikuwa jikoni mwa taasisi, mabweni yakiwemo, ambako lawama ya chungu kisichojaa humwangukia aliyeshika upawa. Hata hivyo, dhiki ile ilikuwa ya wote, na dhiki ya wote haivunji uaminifu peke yake.

Kilichouvunja ni hofu. Mapema mwaka 1976 Esther Chesire, mwanafunzi Mkenya wa Makerere, alitoweka katika uwanja wa ndege wa Entebbe alipokuwa akisafiri kurudi kwao. Mwezi Machi mwanafunzi mwingine, Paul Serwanga, aliuawa kwa risasi karibu na chuo, na wanafunzi wakaandamana. Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Profesa Bryan Langlands wa idara ya jiografia. Miongoni mwa watu ambao ushahidi wao ulihitajika alikuwemo Theresa Nanziri Bukenya, mwalimu wa hisabati na wadeni wa Africa Hall, bweni la wanawake. Mwezi Juni, kabla kazi ya tume haijakamilika, Nanziri alitekwa na kuuawa. Alikuwa mjamzito. Langlands naye alifukuzwa nchini.

Mauaji haya husimuliwa, kwa haki kabisa, kama sehemu ya ukatili wa utawala wa Amin. Yakiishia hapo, huachwa jambo moja muhimu: Nanziri hakuwa mwanasiasa wala kiongozi wa maandamano. Alitakiwa kueleza alichokijua kwa sababu ya cheo chake, yaani habari za msichana aliyekuwa chini ya ulezi wake. Ilikuwa kazi ya kawaida ya ofisi. Tume iliyomhitaji haikuwa na uwezo wa kumlinda, na chuo kilichompa cheo kilikuwa kimeshindwa kumlinda hata makamu mkuu wake.

Mwezi Julai, baada ya uvamizi wa Waisraeli Entebbe, Wakenya waliokuwa Uganda walishambuliwa na wengi wakakimbilia mpakani. Mwanzoni mwa Agosti askari waliingia Makerere na kuwapiga wanafunzi. Si vigumu kukadiria somo ambalo walio ngazi za chini walilipata kutokana na miezi hiyo. Ikiwa mwalimu wa chuo kikuu aliuawa kwa sababu ya anachokijua, bawabu aliyeona gari langoni usiku alikuwa na kila sababu ya kusema alikuwa amelala. Tangu hapo kutojua kukawa kinga, na kinga ya namna hiyo huua mahusiano ya kazi polepole, kwa kuwa kila mtu humwogopa mwenzake anayejua zaidi.

Amin aliondolewa mwaka 1979. Miaka ya 1990 ilileta uchangiaji wa gharama, wanafunzi wa kujilipia na hosteli za watu binafsi kuzunguka Makerere. Mwaka 2007 elimu ya chuo kikuu ilifika mpakani kwenyewe, Chuo Kikuu cha Busitema kilipoanzishwa wilayani Busia juu ya misingi ya chuo cha zana za kilimo, kikiwa na kampasi nyingine Nagongera, wilayani Tororo. Washauri wa sera wanaopanga idadi ya vitanda wangefanya vema kutazama pia mikataba ya watunzaji. Katika hosteli ya mtu binafsi mwenye funguo huajiriwa na mwenye nyumba, si na chuo. Ndiye wa kwanza kugundua kwamba chumba hakijafunguliwa kwa wiki nzima, na mara nyingi hana ofisi aliyoagizwa kuipelekea habari hiyo.